Mkono Uliofuata Uso

Ulipotaka kujua Msanii anaandika nini, hukuwa na haja ya kuangalia ukuta. Ulimwangalia mdomo. Akichora O, midomo ilijikunja ikawa duara, kama ya mtu anayepoza uji. Akifika kwenye S, taya lilikwenda kushoto, likarudi kulia, na ncha ya ulimi ikachungulia nje kuona kama njia iko salama. M ilimpandisha nyusi. X ilimkunja uso mzima, kana kwamba ametafuna ndimu pamoja na mbegu. Herufi pekee iliyompa mapumziko ilikuwa I, na hata hiyo aliivuta huku amezuia pumzi kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mimi nina hoteli Mtito Andei, kando ya barabara ya Mombasa. Nikisema hoteli nina maana ya chai, chapati na ndengu, si ya vitanda. Madereva wa malori husimama hapo kula, na mtu anayengojea chakula hutafuta la kufanya. Basi wakabuni mchezo. Msanii akiwa juu ya ngazi na brashi yake, mmoja wao alikaa chini, ameupa ukuta mgongo, akamkodolea macho usoni na kutaja herufi kwa sauti. "Hiyo ni B! Sasa ni U! Hapo sijui, amekohoa!" Aliyekosea aliwanunulia wenzake soda. Msanii alijifanya hana habari. Lakini siku moja aliandika BUCHA ukutani huku mdomo wake ukisema neno jingine kabisa, na meza nzima ikashindwa. Nilimuuliza alifanyaje.

"Kudanganya kwa uso ni rahisi, Mama Ndinda," aliniambia, akipangusa jasho. "Shida ni mkono. Mkono ulikuwa unaniuliza, sasa nimfuate nani?"

Wakati huo tulicheka tu.

Tulimwita Msanii, na kila Mkenya anajua neno hilo lina mifuko miwili. Mmoja ni wa mtu anayechora, mwingine ni wa mtu anayekuuza ukiwa umesimama hapo hapo. Yeye alivaa suruali yenye mifuko yote miwili. Ukimwita kutoka ng'ambo ya barabara, aliitika, "Unamtaka yupi? Yule mwingine ametoka kidogo."

Jirani yangu wa buchari alimwomba amchoree fahali mlangoni. Fahali alitoka mzuri, amenona, shingo nene, pembe kama mikono ya mtu anayeomba mvua. Jirani alifurahi, akawa anajipiga picha naye. Ilichukua muda mrefu mpaka kabinti kake kadogo, bado hakajajua kuongea vizuri, kalipobebwa na mama yake mpaka pale, kakanyosha kidole kwa fahali na kusema, "Baba!" Ndipo sote tukaona. Macho yalikuwa yake, na ile mifuko chini ya macho pia, hata lile tabasamu la mtu anayekupimia nyama na mfupa. Jirani alikuja kwangu amekasirika, akamkuta Msanii anakunywa chai.

"Umenifanya ng'ombe!"

"Hapana, ndugu yangu. Ng'ombe ndiye nimemfanya mtu. Yeye hajalalamika."

Kulikuwa pia na dereva mmoja mwenye majivuno, kifua mbele hata akiwa amekaa. Alitaka nyuma ya lori lake kuandikwe SIMBA WA TSAVO. Msanii alimwandikia herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kazi safi, na chini kabisa, karibu na namba za gari, akachora paka mdogo anayejilamba mguu. Dereva alikwenda Mombasa na kurudi bila kumwona. Njiani watu walimpungia mikono, naye akadhani wanamsifu simba. Alipogundua, alikuja kumtafuta Msanii na spana mkononi. Lakini kufikia hapo kila mtu barabarani alikuwa anamjua na kumsalimia, na alipopewa kitambaa na rangi ya kufuta, akamwangalia yule paka kwa muda, kisha akasema, "Wacha tu. Ameshazoea gari."

Na mchungaji wa kanisa letu hajasahau njiwa. Alitaka njiwa anayeshuka, juu ya mlango wa kanisa. Msanii alipomaliza, mchungaji alirudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Hii ni kuku," alisema.

"Pasta, kuku nawajua. Huyo ni njiwa aliyekula vizuri."

"Njiwa hana mapaja kama hayo."

"Pasta, na huu ukame wetu, akishuka akiwa amekonda nani atafungua mlango?"

Akina mama wa kanisa walikuwa wanafagia pale nje, wakacheka mpaka mafagio yakawaanguka. Mchungaji hakucheka, ila hakumfuta njiwa wake.

Usidhani alikuwa mtu wa mzaha tu. Katika maandishi yenyewe hakuwa na mchezo hata kidogo. Hakuwahi kukosea neno. Mteja akimletea neno lenye makosa, alikataa kupaka mpaka lisahihishwe, hata kama mteja ndiye mwenye ukuta. Aliwadharau watu wa mabango ya mashine, yale yanayochapwa kwa plastiki na kufungwa kwa kamba. Alisema herufi zao zimezaliwa bila mama. Na yeye aliyechora nyuso za mji mzima hakutaka uso wake uangaliwe kwa karibu. Ukitoa simu kumpiga picha, alijificha nyuma ya ngazi. Chumbani mwake, nyuma ya kituo cha mafuta, hakukuwa na kioo. Ndevu alinyoa kwa kupapasa. Nilimwambia siku moja kwamba ni ajabu mtu anayechekesha watu kwa uso wake hajawahi kuuona ukifanya kazi.

"Nikiuona," alisema, "mimi pia nitaanza kucheka, na kazi itaharibika."

Ilitokea asubuhi moja, na kazi ilikuwa ukuta wangu mwenyewe. Nilitaka chumba cha mbele kiandikwe CHAI MOTO WAKATI WOTE. Maneno aliyachagua yeye, kwa sababu ya zile O. Alisema madereva wanahitaji mazoezi mepesi. Jioni ya siku iliyotangulia alikuwa ameandika CHAI, akaacha nafasi, akapaka M, giza likaingia.

Asubuhi alifika akisema shavu lake limelala, kama limetoka kwa daktari wa meno. Mwende, msichana anayenisaidia hotelini, akamwekea chai. Alikunywa mara moja, na chai ikamtoka pembe ya mdomo, ikashuka kidevuni mpaka kwenye shati. Mwende akaangua kicheko. Madereva wakapiga meza. "Msanii leo ametoa mpya!" Naye akacheka pamoja nao, na hapo ndipo niliona. Upande wa kulia ulicheka. Upande wa kushoto ulibaki pale pale, kama mgeni asiyeelewa lugha.

"Msanii," nikasema, "hebu funga macho."

Akafunga moja.

"Funga yote mawili."

"Nimefunga yote, mwaitu," akasema.

Kwa Kikamba mwaitu ni mama yangu, na ndivyo mtu humwita mwanamke anayemheshimu. Yeye huwa haniiti hivyo. Moshi wa jiko ulikuwa unapita mbele ya lile jicho lililobaki wazi, nalo linatoa machozi bila kupepesa. Madereva waliendelea kucheka kidogo, mmoja baada ya mwingine wakanyamaza. Shida ya mtu mwenye mzaha ni hiyo. Hata ugonjwa wake ulichelewa kuaminiwa.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa huo. Mmoja alisema amerogwa na mwenye buchari, na mwenye buchari akaapa kwa Mungu na kwa fahali. Mwingine alisema ni upepo wa dirishani. Wengi walisema stroki, yaani kiharusi. Kwenye kituo cha afya kijana wa zamu alimwambia apandishe nyusi, ikapanda moja, akambinya mikono na miguu akaona ina nguvu sawasawa. Akasema si stroki. Ni mshipa wa fahamu wa uso, ule unaopita nyuma ya sikio, umevimba ukabanwa. Alimpa vidonge na matone ya jicho, akamwambia alifunge kwa plasta wakati wa kulala, na kwamba wengi hupona, ila pole pole.

"Mkono wangu?" Msanii aliuliza.

"Mkono ni mzima, mzee."

Basi akarudi siku hiyo hiyo, akapanda ngazi kumalizia. Madereva waliobaki hawakutaja herufi. Alichovya brashi, akaanza O. Mkono ulianza vizuri, ukapanda, na pale juu unapotakiwa kukunja, ukasimama. Kisha ukashuka moja kwa moja kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda. Alifuta, akajaribu tena. Akafuta, akajaribu. Iliyobaki ilikuwa kama boga lililokanyagwa na ng'ombe. Alishuka, akaosha brashi zake, akaziosha tena ingawa zilikuwa safi, akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Alikaa mle wiki nyingi. Nilimpelekea chakula, naye aliniambia niweke nje. "Usinichungulie, mwaitu." Akitoka, alitoka amejifunga kitambaa usoni kama mtu wa kupuliza dawa ya ng'ombe. Wale wa mabango ya mashine wakachukua kazi zake. Ukuta wangu ukabaki na CHAI M na lile boga, na wageni wakawa wananiuliza Chai M ni chai gani. Yule dereva wa simba alipopita alisimamisha lori mbele ya chumba chake, akapiga honi ndefu na kuita, "Msanii! Paka anakusalimu!" Mlango haukufunguka. Dereva alirudi hotelini, hakumaliza chapati yake.

Uso ulianza kurudi kidogo kidogo. Pembe ya mdomo ilikuwa inasogea. Lakini siku nilipomwuliza kupitia mlangoni kama haoni nafuu, alinijibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Uso haunisumbui, Mama Ndinda. Mtu anaweza kuishi na uso wa aina yoyote. Ni mkono. Nikichukua hata kalamu, unaganda. Daktari anasema ni mzima, na mimi nikiuangalia naona ni mzima. Sasa mgonjwa ni nani?"

Nina dada Kitui mjini. Yeye mwenyewe uso ulimpinda alipojifungua, na kuna binti wa fizio, wa mazoezi ya viungo, katika hospitali moja huko aliyemsaidia. Nilimwambia Msanii tunaenda. Alikataa. Nikamwambia basi nitamwita yule wa mabango ya mashine aje amalizie ukuta wangu. Mlango ulifunguka.

Binti wa fizio alikuwa mtu wa upande wa Nuu, mwembamba, sauti ya chini, vidole baridi. Alitaka kuanza na mazoezi ya kioo, mtu anajitazama huku akisema a, e, i, o, u. Msanii aligeuza kichwa.

"Kioo sitaki."

"Mzee, mimi naangalia nyuso zilizopinda tangu asubuhi mpaka jioni," binti alisema. "Wako ni wa kawaida tu."

"Wa kawaida?" Msanii alikasirika kweli kweli. Alikinyakua kioo. Akajitazama kwa mara ya kwanza, sijui tangu lini, akasogeza kichwa huku na kule. "Wewe binti umeona wapi kitu kama hiki? Mpaka sikio limeshangaa!" Na wakaanza mazoezi.

Baada ya siku kadhaa binti alitoa kamashine kadogo kama redio ya mfukoni, kenye nyaya na vibandiko. Kibandiko kimoja alikiweka mbele ya sikio, kingine karibu na mdomo. Alipobonyeza, pembe ya mdomo iliruka juu yenyewe. Mimi niliruka nayo.

"Nani ananivuta?" Msanii aliuliza.

Ndipo akamweleza binti habari za mkono. Madaktari wengine walikuwa wamesema ni hofu tu. Huyu alimpa karatasi na kalamu, akamwambia avute mstari mrefu, pole pole, huku umeme unagonga shavu. Niliinama kuangalia. Kila umeme ulipogonga, mstari ulilegea kidogo, kama gari linapokaribia tuta, kisha ukaendelea. Binti akahamisha vibandiko mpaka begani, akaongeza umeme. Mstari ukaenda bila kujali. Akavirudisha shavuni. Mstari ukalegea.

"Unaona?" alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Huko ndani ya ubongo, sehemu ya uso na sehemu ya mkono zimepakana. Ni majirani. Uso ukiguswa, mkono unanyamaza kidogo kusikiliza."

"Kwa hiyo mkono wangu ni mbea."

"Mkono wa kila mtu, mzee. Hata wangu."

"Na hiyo itanirudishia kazi yangu?"

Binti alianza kukunja nyaya. "Hapo sitakudanganya. Kwamba umeme wa usoni unagusa mkono, hilo linajulikana. Kwamba utaponya mkono wako, sijui."

Nilipenda alivyosema sijui bila kuona haya. Msanii pia alipenda, ingawa njia yake ya kupenda ilikuwa ya hatari. Nilikuwa nimemletea binti mandazi, akayaweka kwenye sahani mezani ayale mchana. Siku iliyofuata, umeme ukiwa unagonga shavu, nikaona mkono wa kulia wa Msanii ukiinuka wenyewe. Macho yake yalikuwa yameangalia dari. Mkono ukatetemeka hewani, ukatembea mezani kwa vidole kama kaa, ukafika kwenye sahani, ukachukua andazi na kulipeleka mdomoni. Akatafuna kwa upande mzima.

Binti alizima mashine haraka. "Mzee! Umefanya nini?"

"Mimi? Ni umeme wako. Wewe ndiye ulisema ni majirani."

Binti alimkazia macho. Nikadhani atatufukuza. Kisha akawasha mashine tena na kusogeza sahani upande wa mbali wa meza. "Haya. Tuone kama umeme utasimama na kutembea." Tulicheka wote watatu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi kumsikia akicheka bila kushika kitambaa mdomoni.

Kwa sababu ya kicheko hicho nilimsimulia binti mambo ya hotelini, jinsi madereva walivyosoma herufi mdomoni mwake. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Rudia hapo. Alikuwa anakunja mdomo kila herufi? Miaka yote?"

"Kila herufi."

"Basi mkono wako haujajua kuandika peke yake, mzee. Umejifunza ukiwa pamoja na mdomo. Sasa mdomo umelala nusu, na mkono umesimama mlangoni unaungojea." Alimwambia hayo ni mawazo yake tu, lakini wajaribu. Aandike herufi kubwa, kila siku, na uso autulize kabisa, hata ule upande mzima.

"Nisikunje hata kidogo? Nikae kama chifu kwenye baraza?"

"Kama chifu."

Alijaribu. Dada yangu, tuliyefikia kwake, alikuwa na mabati ya zamani nyuma ya nyumba, na Msanii aliyaegemeza ukutani akawa anaandika kwa maji na masizi. Nilimtazama akiwa amekaza uso, hasemi, jasho likimtiririka, na O zikitoka moja mbaya kuliko nyingine. Sijui kama umewahi kumwona mtu akinyang'anywa kitu kilichokuwa ndani ya mwili wake. Kuna siku aliipiga teke ile ndoo ya masizi, akakaa chini na kusema tumrudishe nyumbani akafuge mbuzi.

Siku moja jicho lake lilikuwa linamwasha. Alikuwa ameshika brashi kwa kulia, akainua mkono wa kushoto kujipangusa, kidole gumba kikatua kwenye shavu lililolegea na kulisukuma juu. Akakiacha pale bila kufikiri. Na brashi ikapanda, ikafika juu, ikakunja, ikashuka, ikafunga.

Tuliitazama ile O. Dada yangu alikuwa anachagua maharage, akabaki na punje mkononi.

"Mwaitu," Msanii alisema, "hii nimeandika mimi?"

Akashika shavu tena, akaandika nyingine. Akaachia, ikaharibika. Akashika, ikatoka. Machozi yalikuwa yanamshuka upande wa kushoto, naye akaniambia nisijisumbue, ni lile jicho tu, huwa halifungi vizuri. Upande wa kulia nao ulikuwa umelowa, lakini nikamwachia neno lake.

Kesho yake binti wa fizio alimfanyisha majaribio mpaka wagonjwa wengine wakalalamika. Shika, achia, shika. Mwishowe akasema, "Basi shika."

"Ni dawa?"

"Sijui kama ni dawa au ni mazoea. Lakini O ni nzuri."

Tulirudi Mtito Andei. Habari zilikuwa zimetutangulia, na siku ya kumalizia ukuta wangu watu walikuwa wamejaa mpaka upande wa pili wa barabara. Alifuta boga. Alipanda ngazi, akashika shavu kwa kushoto, kiganja kikafunika nusu ya uso, na akaandika mfululizo mpaka mwisho wa WOTE. Madereva waliokaa chini kumsoma walitaja herufi hovyo, hata moja hawakupata, kwa sababu hawakuona kitu ila mgongo wa mkono. Msanii alikunywa soda mpaka akaumwa tumbo.

Alikaa nasi muda, kisha kazi zikawa chache kabisa, kila mtu anataka bango la plastiki. Akasikia kwamba huko juu, pande za Mwingi na kuendelea, jua linakula mabango ya mashine kabla mwaka haujaisha, na watu wamerudi kutafuta rangi. Akafunga ngazi yake, akaaga kila mtu kwa tusi linalomfaa, akaondoka. Simu yake ilipatikana mwanzoni, baadaye haikupatikana.

Nilimwona tena mwaka huu. Mpwa wangu anaoa Tseikuru, na tulikwenda kupeleka mbuzi wa kwanza wa mahari kwa wazazi wa msichana. Siku ya kurudi tulipitia sokoni. Nikaona duka la dawa za mifugo limeandikwa herufi ambazo nisingekosea, na kando ya mlango kuna mbuzi aliyechorwa na uso wa mtu anayejua siri yako. Mlangoni alikuwa amekaa Msanii, kofia kichwani, ndevu zimeingia mvi.

Aliponiona alitabasamu, na jicho la kushoto likafunga. Akanikonyezea, mbele ya wazee wa mahari!

"Msanii! Heshima iko wapi?"

Akatabasamu zaidi. Jicho likafunga tena.

"Si mimi, Mama Ndinda, ni mshipa," alisema akishika shavu. "Ulipopona ulikosea njia. Binti wa fizio aliniambia hutokea. Nikicheka, waya wa mdomo unakwenda mpaka kwenye jicho. Nimeuzoea. Wenye shida ni watu wengine."

Kutoka dukani mwanamke mnene mwenye leso ya kijani alitoa kichwa. "Mwambie basi," alisema. "Mwambie vile ulinisumbua."

Msanii huyu tuliyeishi naye miaka yote hatukuwahi kumjua mke wala mchumba. Alitania wanawake wote, na akipatikana mmoja anayemjibu kwa makini, alikumbuka ghafla kwamba kuna rangi inakauka mahali.

"Huyu alikuja kuniandikia duka," mama alinieleza, akiwa amesimama mikono kiunoni. "Kila nikipita, ananikonyezea. Mimi ni mjane, mtu wa kanisa, niko na watoto wakubwa. Nikavumilia. Siku ya tatu nikamfuata hapo kwa ngazi, nikamwambia, mzee, ukinikonyezea tena naita chifu."

"Akasema nini?"

"Aseme nini! Alitabasamu kuniomba msamaha, jicho likafunga hapo hapo. Nikaita chifu."

Chifu alikuja kweli. Msanii alijieleza, na kadiri alivyojieleza kwa unyenyekevu ndivyo alivyozidi kukonyeza, mpaka chifu naye akakonyezwa, akakohoa na kuangalia kando. Kesi iliisha kwa kicheko. Mama alirudi dukani akiwa na aibu ya kumshtaki mtu mgonjwa, akampelekea uji kumtuliza. Aliporudi kuchukua kikombe, walikaa wakiongea mpaka mbuzi wakaanza kurudi kutoka malishoni.

"Kitu ambacho mdomo wangu ulishindwa miaka hii yote," Msanii alisema, "jicho lilimaliza kwa wiki moja."

Mama alimpiga kofi dogo begani, akaingia ndani kuuza.

Nilimfuata kwa kaunta kumuaga. Alikuwa anampimia mfugaji dawa ya kupe. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, sasa atajuaje siku ambayo Msanii anamkonyezea kweli.

Hakuinua macho. "Ya mshipa inakuja na kicheko," alisema. "Yake inakuja peke yake."

Mpwa wangu alikuwa ananiita, gari limeshawashwa. Nilipofika barabarani niligeuka kupunga mkono, lakini hakuna aliyekuwa ananitazama. Msanii alikuwa ameegemea mlango, anamwangalia mkewe akihesabia mteja chupa zake. Uso ulikuwa umetulia kabisa, mdomo haukusogea hata kidogo. Pole pole, jicho la kushoto likafunga, likafunguka. Mama aliacha kuhesabu, akavua leso kichwani akamrushia.